Mipangilio Sita ya Sauti ya Karani

"Mzigo una pumzi," redio ya polisi ilisema kutoka bandarini. "Saa tisa unapanda meli."

Maana yake watu kumi na mmoja walikuwa wamefungiwa ndani ya kontena, wapelekwe kuuzwa. Bandarini makontena yalizidi mia nne.

Mpelelezi aliyeitwa Sindano alitazama saa yake ya Casio. Saa nane na nusu.

"Bado, mama?"

Fundi wa kompyuta, mama wa makamo mwenye mdomo usio na breki, hakugeuka. Tangu alfajiri alikuwa akinakili diski nne ambazo Sindano alizichomoa jana kwenye kompyuta ya wasafirishaji haramu wa watu hao. Kompyuta iliungua, diski zikapona. Lakini kila faili ilikatwa vipande, kila diski ikabeba vyake. Ukikosea mpangilio, unapata takataka.

"Kuandika moja, mbili, tatu, nne juu ya diski kulikushinda, wewe bwana?"

"Jengo lilikuwa linawaka."

Na ndani ya jengo alibaki Karani. Mwenzake wa kazi. Mume wa dada yake. Miezi minane alijifanya karani wa wahalifu wale, na simu yake ilituma rekodi za sauti kwa siri kwenye kompyuta yao wenyewe. Sindano alijiambia kwamba shemeji alinaswa na moto ghorofani. Hakulala hata kidogo.

"Ya kwanza nimeijua, ina mwanzo wa faili," Fundi alisema. "Zimebaki tatu. Mipangilio sita. Sauti ya mtu wako unaijua, sikiliza."

Akabonyeza.

"Konte... sitoki... nane... shem..."

Sindano aliinamia spika. Marehemu alikuwa akiongea vipande vipande.

"Ingine."

Kikohozi. Nusu ya jina lake.

"Ingine."

Mara ya tano, sauti ikanyooka.

"Kontena saba saba mbili sifuri nane. La kijani, safu ya mwisho."

Sindano alinyakua redio. "Saba saba mbili sifuri nane. Kijani. Safu ya mwisho."

"Tumekupata."

Rekodi ilikuwa bado inaendelea.

"Sindano, redio yangu imekufa, sijui utaisikia lini hii. Niko mlango wa nyuma, uko wazi. Wewe bado uko kwenye kompyuta. Sitoki bila wewe, shemeji. Nakusu..."

Ikakatika.

Hapo ndipo Sindano alipochomoa diski. Kisha yeye mwenyewe akatoroka kupitia dirishani, Karani akabaki akimsubiri.

Alishika ukingo wa meza. Bastola ya Glock kiunoni ilikuwa nzito, haina faida yoyote. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Saa tisa kasoro dakika sita, redio ikakoroma. "Tumefungua. Kumi na mmoja, wote wazima. Wasafirishaji wako chini ya ulinzi. Kazi nzuri."

"Sawa."

Fundi alivua miwani. "Ile sehemu ya mwisho naweza kuifuta, mwanangu. Hakuna atakayejua."

"Niwekee yote kwenye flashi."

"Ya nini?"

"Dada yangu anadhani mumewe hakuwa na njia ya kutoka."

"Atakuchukia."

"Ana haki."

Fundi alinakili yote, akamkabidhi flashi. Sindano aliitia mfukoni, akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akatoka nje juani. Land Cruiser aliiacha hapohapo. Kwa dada yake hakukuwa mbali, akaenda kwa miguu, taratibu.