Jina la Jonte Katika Safu ya Nyuma

Jumapili hiyo ilianza kama Jumapili zote za Januari. Theluji ilikuwa imeyeyuka na kuacha matope barabarani, maduka yote yamefungwa, na kwenye ghorofa ya tatu, katika nyumba waliyopanga wanafunzi watatu, Wiebke Harmsen alikuwa jikoni akifundishwa kalkulasi kwa tango.

"Tazama, mwenzangu," alisema Jonte, mmoja wa wale watatu, kisu katika mkono wake wa kushoto. "Tango limejipinda, huwezi kulipima kwa rula. Lakini ukikata kipande chembamba, unapata duara. Duara unalijua?"

"Duara nalijua."

"Basi pima kila kipande, ujumlishe. Ukizidi kukata vyembamba, jibu linazidi kuwa la kweli. Ndiyo kalkulasi yenyewe hiyo. Ni kachumbari tu."

Wiebke alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akachukua kalamu, akautazama mstari uliopinda kwenye daftari, na kicheko chote kikamwishia. Akili ilikuwa nyeupe. Alikuwa ameanguka somo hilo mara mbili, na jamani, hapa kwetu ukianguka mara ya tatu hakuna wa kumlilia. Unafutwa chuoni, na hakuna chuo kingine nchi nzima kitakachokuandikisha tena kwa fani hiyo mpaka unakufa. Naye tangu akiwa na miaka saba hakutaka kitu kingine zaidi ya uhandisi wa maji, aende akajenge milango ya kuizuia bahari isimeze kijiji chao. Mtihani ulikuwa baada ya siku kumi na moja.

"Usijitie presha," Jonte alisema huku akitafuna. Yeye alikuwa anaufanya mtihani huo kwa mara ya kwanza. "Mimi nikianguka nina nafasi mbili zimebaki. Lakini sianguki, na wewe huanguki. Nimesema."

Alivaa viatu vyake vya kukimbilia akatoka. Alikuwa kijana wa aina hiyo, anayekuamini kuliko unavyojiamini mwenyewe, na watu wa aina hiyo wanachosha.

Ndipo Sönke akaingia. Huyu alikuwa mpangaji wa tatu, yuko muhula wa kumi na tisa, hata mhadhiri aliyempokea alishastaafu. Alikuwa bado na joho la kuogea saa nane mchana.

"Mama mhandisi! Bado unalilia tango?"

"Niache, Sönke."

"Mara ya tatu hawapiti kwa tango, dada." Alivuta kiti, akashusha sauti. "Ule ukumbi wa zamani wa mihadhara. Safu ya nyuma kabisa. Umeyaona yale majina yaliyochongwa mezani?"

"Nani hajayaona? Wanafunzi wa zamani walikuwa wakichonga majina yao."

"Nani kakwambia ni majina yao?"

Wiebke alimkodolea macho. Sönke akaendelea kukoroga kahawa yake taratibu.

"Hakuna hata mmoja aliyechonga lake. Unachonga la mtu anayejua. Unagonga meza mara tatu. Ukiitikiwa, basi, anayoyajua yanakuwa yako."

"Na yeye?"

"Yeye anaanguka mtihani."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," alisema Sönke, bila kumtazama.

"Wewe ulichonga la nani?"

"La aliyekuwa analala chumba chako." Akainuka na kikombe chake. "Alirudi kwao."

Ulikuwa upuuzi, na Wiebke alijua ni upuuzi. Lakini alikaa pale akiangalia vipande vya tango vinavyokauka, na hesabu moja aliiweza vizuri sana. Yeye alikuwa na nafasi moja. Jonte alikuwa na tatu. Akichukua moja kwa Jonte, Jonte bado anabaki na mbili, na kila mtu atakuwa mhandisi. Nani ataumia? Alitia bikari mfukoni, akavaa koti.

Ukumbi haukuwa umefungwa. Mwanga wa mchana uliingia kwa madirisha ya juu, hafifu, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Alipanda ngazi hadi safu ya nyuma. Meza ndefu ya mbao ilikuwa imejaa majina, mengine ya zamani sana hata herufi zake hazisomeki vizuri. Heinrich. Ottokar. Lieselotte. Alitafuta nafasi tupu. Aliipata moja tu, mwishoni, pana kiasi cha herufi tano.

Jonte ni herufi tano.

Alichonga kwa ncha ya bikari. Mbao ilikuwa laini kuliko alivyotarajia, ikimegeka kama jibini. Alipomaliza alijisikia mjinga, akajicheka, akakunja vidole na kugonga. Ko. Ko. Ko.

Kimya.

Hapa kwetu mhadhara ukiisha hatupigi makofi. Tunagonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima, kwa heshima. Wiebke alikuwa ameisikia sauti hiyo mara mia. Sasa aliisikia tena. Ilianzia mwisho wa safu, upande wa pili. Kiti kimoja. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Ikawa inakuja. Viti vilikuwa vitupu. Meza ilitetemeka chini ya viganja vyake. Ikafika pembeni yake kabisa, ikagonga, ikaacha.

Mbao pale palipokuwa na jina ilikuwa na joto la mwili wa mtu.

Alishuka ngazi zile mbio, akaanguka, akainuka, hakusimama mpaka mlangoni kwao. Aliapa hatarudi. Lakini usiku huo, kabla ya kulala, alifungua daftari ili tu moyo utulie, na mstari uliopinda ukamjia wenyewe. Aliona ulipotoka na unapokwenda. Aliandika jibu bila kufuta hata mara moja. Lilikuwa sahihi. Akafanya la pili, la tatu, mpaka machozi ya furaha yakalowesha karatasi.

Jumanne Jonte alikuwa akimwelekeza swali, akakatika katikati ya sentensi.

"Nilikuwa nasema nini?"

"Mipaka."

"Mipaka gani?" Akajipiga paji la uso. "We! Kichwa hiki kimeoza. Nalala vibaya."

Jumatano aliandaa meza ya chakula cha jioni. Walikuwa watatu. Alileta sahani tano, akazitazama, akarudisha moja, akazitazama tena. Wiebke alimwona midomo ikicheza, akihesabu kama mtoto wa chekechea. Ijumaa alisimama mbele ya saa ya ukutani kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa aibu kama muda wa basi umefika.

Hapo Wiebke akamfuata Sönke chumbani kwake.

"Ulisema anaanguka mtihani tu!"

"Ataanguka, si ataanguka?"

"Hajui saa, Sönke! Hajui sahani!"

"Punguza sauti." Sönke alikuwa amegeukia ukuta. "Jina linafutika. Msasa tu, sugua mpaka mbao iwe safi. Lakini iwe kabla ya mtihani. Baada ya hapo hakuna."

"Wewe kwa nini hukufuta?"

"Nilipata alama nzuri," alisema Sönke.

Kesho yake Wiebke alikwenda ukumbini na msasa. Tuseme ukweli, alikwenda kwa nia njema. Alikaa safu ya nyuma, akaukunja msasa kidoleni. Jina lilikuwa pale, limezama zaidi kuliko alivyolichonga, kingo zake nyeusi. Karibu nalo kulikuwa na nafasi tupu nyingine ambayo hapo awali haikuwepo, imekaa inasubiri.

Alikuwa na mtihani wa mwaka jana mkobani. Akajiambia: nitajaribu swali moja tu. Nikishindwa, nafuta mara moja.

Lilikuwa swali la sita, lile lililomwangusha mara mbili. Alilimaliza kwa dakika nne. Alifuata kila hatua na kila hatua ilimpokea. Katika maisha yake hakuwahi kuonja utamu kama huo. Aliinua macho na kuiona bahari, milango yake mikubwa ya chuma, maji yakisimama kwa amri yake. Alitabasamu peke yake.

Pembeni yake meza iligongwa mara moja. Taratibu. Kumpongeza.

Wiebke aliurudisha msasa mfukoni.

Siku ya mtihani wanafunzi mia tatu walipanga foleni kwenye baridi, kila mmoja na kitambulisho chake na kile kikaratasi cha namba ya kiti. Jonte alikuwa amesimama pembeni ya mlango. Sweta lake lilikuwa limevaliwa kinyume. Alipomwona Wiebke uso ulimchangamka.

"Wiebke," alinong'ona, akimwonyesha kikaratasi. "Usinicheke. Hii ni ngapi?"

Ilikuwa arobaini na saba. Kulikuwa bado na dakika ishirini. Ukumbi wa zamani ulikuwa ng'ambo ya uwanja tu, na msasa alikuwa nao kwenye koti, aliushika.

"Kiti chako kile pale," alisema, akamwonyesha kwa kidole kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Ahsante, mwenzangu. Bila wewe ningeaibika."

Mtihani ulichukua saa mbili. Wiebke aliandika ukurasa wa kwanza, kisha hakumbuki tena kuandika, anakumbuka mkono tu ukienda. Safu mbili mbele yake Jonte alikaa na mikono mapajani. Hakuigusa kalamu. Wenzake walipoinuka kuondoka, yeye alibaki amekaa vilevile, akitabasamu, akisubiri mtu amwambie imekwisha.

Wazazi wake walikuja kumchukua wiki iliyofuata. Madaktari walimpima kichwa, damu, uti wa mgongo, wakasema hawaoni kitu. Mama yake alimpigia simu Wiebke mara moja, akilia. Kila asubuhi Jonte huvaa kiatu kimoja, halafu huuliza kama vinatosha. Mbaya zaidi ni kukicha, mama alisema. Anakaa kitandani macho wazi na kudai kwamba kuna giza. "Wewe ulikuwa rafiki yake, mwanangu. Alikuwa anakutaja sana. Hukuona chochote?"

"Sikuona, mama," alisema Wiebke.

Alipata moja nukta tatu. Hapa namba ikiwa ndogo ndiyo sifa, na kulikuwa na watu wawili tu waliomzidi kati ya mia tatu. Mama yake Wiebke aliangua kilio cha furaha kwenye simu, shangazi akaoka keki, jirani akaja kumpa mkono.

Angeishia hapo angekuwa salama. Lakini wiki tano baadaye chuo kilitangaza siku ya kukagua mitihani, na Wiebke akajiandikisha. Labda alitaka kuona alivyofanya. Labda alitaka kuhakikisha ni yeye aliyeandika. Unaingia chumbani bila kalamu wala simu, unapewa karatasi zako dakika kumi na tano mbele ya msaidizi wa mhadhiri, na ukiona umepunjwa alama unasema papo hapo. Usiposema, karatasi inafungwa kabatini na neno lako limekwisha.

Msaidizi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Alimsogezea bahasha.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwandiko wake, mviringo, mkubwa. Wa pili haukuwa wake. Herufi zilikuwa nyembamba, zimelalia kushoto, za mtu wa mkono wa kushoto. Sönke anatumia kulia. Wiebke anatumia kulia. Ukurasa wa tatu vilevile. Wa nne vilevile. Hesabu safi, hatua kwa hatua, na kila jibu limepigiwa mistari miwili kama Jonte alivyokuwa akipiga kwenye madaftari ya jikoni.

Ukurasa wa mwisho, chini ya swali la sita, hapakuwa na hesabu.

*Wiebke, nani amezima taa? Mkono wangu unaandika lakini siuoni. Nimebakiza maswali mangapi? Niambie nihesabu nikianzia wapi.*

Pembeni, kwa wino mwekundu, msahihishaji alikuwa ameandika: *Haihusiani na swali. Alama 0.*

Wiebke alikaa. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Aliyasoma maneno yale mara ya pili.

"Muda umekwisha, dada," alisema msaidizi, akipenga kamasi. "Hiyo ya mwisho tuliijadili. Tukaona ni uchovu. Una malalamiko yoyote? Kuna jambo unataka lichunguzwe? Ukisema sasa tunafungua upya karatasi yote."

Ilikuwa nafasi yake, na aliijua. Aliiona milango ya chuma. Aliiona bahari imesimama.

"Hapana," alisema Wiebke.

Msaidizi aliivuta karatasi kuirudisha kwenye bahasha, kisha akasita. Aliisogeza karibu na macho, akapitisha kidole chini ya ule wino mwekundu. Kidole kikatoka na wino wa bluu, bado mbichi.

"Ajabu," alisema. "Huu mstari sikuuona."

Akaugeuza ukurasa ili Wiebke naye asome herufi zile nyembamba, zimelalia kushoto.

*Nimekusikia.*