Rimoti ya Don Tulio

Siku ya sita ya matanga, pale mjini Moca, taa nyekundu ya rimoti ya marehemu iliwaka juu ya meza ya maombi, kando ya glasi ya maji aliyowekewa. Nereida, binti wa marehemu, aliiona akajifanya hakuiona. Betri zake alikuwa nazo yeye, mfukoni mwa gauni, tangu siku ya mazishi.

Kesho yake saa tisa alasiri, chini ya shuka jeupe walilofunikia runinga kama inavyopasa nyumba yenye msiba, mchezo wa besiboli ukaanza kunguruma. Doña Casilda, mjane, akatuma aitwe Wilfrido, mtoto wa dada yake, fundi aliyewapangia rimoti ile moja iendeshe runinga, king'amuzi na redio.

“Izime, mwanangu, wanamaombi hawajafika,” alinong'ona. “Watu watasema nini?”

Wilfrido akachomoa waya ukutani. Sauti ikazidi kupanda.

Wote watatu waliijua sauti ile. Tangu apooze, Don Tulio alikuwa hana kauli, na mwili mzima ulimbakizia kidole gumba kimoja tu. Akitaka maji, akitaka kugeuzwa, hupandisha sauti ya runinga mpaka mtu aje.

Wilfrido alichukua rimoti mezani. Nereida akampa betri bila kumtazama usoni. Akazitia, akailenga runinga, akabonyeza, wapi. Akajaribu redio, wapi.

“Imefutwa mipangilio yote hii,” alisema.

“Si imejifuta yenyewe?” Nereida aliuliza haraka mno.

“Haijifuti. Lazima ushikilie vitufe viwili kwa pamoja, hiki na hiki, mpaka taa ipepese mara mbili.” Akaiweka rimoti mezani. “Na baba mkubwa alikuwa na kidole kimoja.”

Namna ya kufuta, Wilfrido alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu nyumba ile. Hakumtazama, lakini Nereida alihisi uso unawaka hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Wanamaombi waliingia na rozari zao, wakiongozwa na Mamá Chea, na hakuna aliyethubutu kuketi, kwa maana sauti ilikuwa bado inapanda, na harufu ya kafuri na spiriti aliyokuwa akichuliwa nayo marehemu miguuni ilikuwa imejaa sebule, na glasi ya maji mezani ilikuwa inapungua kidogo kidogo mbele ya macho yao, kama mtu mwenye kiu anavyokunywa akiogopa kupaliwa.

“Huyu bado anaita,” alisema Mamá Chea. “Aliyemnyima jibu alitaje kosa lake hapa, mbele za watu. Asipotaja, siku ya tisa tutavunja matanga, tuiondoe meza hii, na mzee atabaki humu humu.”

Majirani wote walikuwepo. Nereida alitazama vidole vya miguu yake.

“Ni mimi,” alisema kwa sauti ndogo. “Siku ile ya mwisho aliniita mara nne, nikaenda mara nne. Ya tano nikaifuta rimoti. Nilitaka nusu saa tu, nilale kwenye kiti cha kubembea. Nilipoamka nilimkuta amekata roho, kidole bado kiko juu ya kitufe. Nisamehe, baba. Naona aibu hata kukuita baba.”

Sauti ikashuka, pole pole, mpaka wakasikia feni ya dari. Wilfrido akavuta pumzi. Mwanamke mmoja akamshika Nereida bega, naye akalia kwa aibu na nafuu pamoja.

Kisha sauti ikaanza kupanda tena.

“Mimi nimeshasema!” Nereida alilia. “Nimesema yote.”

“Wewe umesema,” alijibu Mamá Chea. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Doña Casilda, aliyerudi nyuma hadi mlango wa jikoni na kushika fremu yake kwa mikono miwili.

Mjane aliitazama meza ya maombi. Glasi ilikuwa imebaki tupu.

“Kile kitufe cha sauti kina mlio,” alisema hatimaye. “Tik, tik, tik. Nilikuwa hapa jikoni nachambua mbaazi, nikamsikia. Alibonyeza karibu nusu saa nzima.” Akajifunika uso kwa aproni. “Nikasema moyoni, leo zamu ya Nereida.”