Mdogo Wangu Aliniita Marehemu Mbele ya Majaji

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mimi ni fundi wa nguo mtaa wa Kaloleni hapa Nairobi, na haya nayaandika nikiwa nimesimama. Ndiyo, nimesimama! Siku hizi sikai ila cherehani ikinilazimisha. Nikikaa miguu inacheza yenyewe, nikilala mwili unawaka, basi nimeweka karatasi juu ya meza ya kukatia nguo, naandika mstari, natembea hadi mlangoni, narudi... Mkikuta maneno yamekimbia mnivumilie.

Jina langu ni Phanice. Sisi ni watu wa Vihiga, magharibi mwa Kenya, ingawa mimi nilizaliwa hapa Kaloleni, baba akiwa mfanyakazi wa baraza la jiji. Baba alipofariki, mama alirudi nyumbani kulima, akaniachia mdogo wangu Lavenda aliyekuwa darasa la pili. "Huyu ni wako sasa," mama aliniambia. Na kweli alikuwa wangu! Nilimwosha, nilimsuka, nilikwenda mikutano ya wazazi shuleni kwao nikiwa mwenyewe ni msichana tu. Mchumba aliyetaka kunioa bila yeye nilimwonyesha mlango.

Cherehani nilimfundisha mimi, hapa hapa verandani. Alianza kwa kunishikia zipu, akaja kupinda, akaja kukata. Na hasira isinifanye niseme uongo: yule mtoto ana mkono! Mimi nashona sare za shule na magauni ya harusi, nakupa ulichoagiza. Lavenda anakupa kitu ambacho hukujua ulikitaka. Alikuwa akinunua pazia la mtumba sokoni Gikomba, kesho yake watu wanamsimamisha njiani wamwulize koti lile linauzwa wapi.

Kwa hivyo lilipotangazwa shindano la wabunifu wa mitindo, lile la runinga ambapo wanafungiwa ndani ya jumba moja, wanapewa kazi kila wiki na mmoja anarudishwa kwao, mimi ndiye niliyemsukuma aende. Akachaguliwa! Simu zao zikachukuliwa mlangoni, ndivyo ilivyo sheria yao. Mtaa wetu ukawa hauna habari nyingine ila Lavenda.

Kila Jumapili jioni tulijaa kwa Mama Kizito, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kwa sababu runinga yake ni kubwa na mdomo wake ni mkubwa zaidi. Wiki ya kwanza Lavenda akapita. Ya pili akapita. Ya tatu... woi! Ya tatu gauni lilimshinda. Pindo lilikuwa linavuta upande, hata mimi nililiona nikiwa kwenye kochi. Akasimamishwa yeye na mwenzake, mmoja wao aende nyumbani. Jaji mmoja, mama wa miwani mikubwa, akamwuliza, "Mpaka leo hatujakujua. Wewe ni nani? Nguo zako zinatoka wapi?"

Machozi yakamshuka Lavenda, akasema, "Zinatoka kwa dada yangu, marehemu. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kushona. Amekufa kabla hajaniona hapa."

Mimi nilikuwa na chapati mdomoni!

Kwenye runinga majaji wanapangusa macho, na pale kwa Mama Kizito watu wote wamegeuka wananitazama mimi. "Phanice," Mama Kizito akaniuliza polepole, "kwani mna dada mwingine?" Nikamwambia hakuna, tumbo ni letu wawili. "Haya basi," akasema. "Pole kwa msiba wako." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Nilicheka, jamani! Ningefanya nini?

Lavenda hakurudishwa nyumbani. Watazamaji walimpigia kura mpaka akawa wa kwanza. Katikati ya wiki akanipigia simu kwa siri, kwa simu ya mfanyakazi mmoja wa kipindi, analia. "Sista, aki nisamehe. Nilitaka kukutaja tu. Nikaona wananiangalia vile mtu anaangalia kitu cha kutupwa, nikasikia mdomo umeongeza hilo neno." Nikamwambia arudi kwa majaji akaseme ukweli. Akalia zaidi. "Nikisema sasa watanitoa na aibu. Nyamaza kidogo tu, sista. Siku ya fainali nakuita jukwaani mwenyewe, kila mtu akuone."

Kidogo tu! Ninyi mngejibu nini? Mtoto uliyemlea analia kwenye sikio lako, na ndoto yake yote iko mkononi mwako... Nikakubali.

Lakini uongo ni mgeni anayetaka kupikiwa kila siku. Lavenda akanipigia tena. Ati wenye kipindi wanakuja Kaloleni kupiga picha mahali marehemu alipokuwa akishona. Ati niondoke mtaani. Ati nikishushe kibao changu cha kazi, maana kina nambari yangu na waandishi wa habari wameanza kuchimba. Ati nizime simu kabisa. Nilimtukana! Niliyomwambia siku hiyo hayaandikiki. Nilipomaliza kutukana nikashusha kibao, nikazima simu, nikajaza nguo begini na kwenda Njiru, mtaa wa pembezoni mwa jiji, kwa Beatrice, rafiki yangu tuliyewahi kushona pamoja kiwandani Industrial Area. Mdomo wangu ulikataa, mikono yangu ikatii.

Huko Njiru ndiko nilikojitazama nikiombolezwa. Cherehani yangu imefunikwa kitambaa cheupe! Juu yake picha yangu, maua kando, mshumaa unawaka. Na nani anatokea kusimulia? Mama Kizito, anayejua fika niko hai, kwani mtaa mzima ulikuwa umekubali kumfichia Lavenda! Amejifunga leso nyeusi kichwani. "Phanice hakuwa na neno na mtu," akamwambia mtangazaji, kisha akalia... alilia vizuri kuliko waliofiwa. Mwanamke ambaye sufuria yangu kubwa ameazima tangu Krismasi na hajairudisha!

Nilicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikwama. Waliposema "marehemu dada" nilikuwa bado na pa kujificha. Sasa walikuwa wamenitaja jina, na uso wangu uko pale na mshumaa. Tangu siku hiyo kutulia kulinitoka. Nilitembea Barabara ya Kangundo asubuhi, nikarudi, nikatoka tena. Beatrice akaniuliza natafuta nini huko nje, nikamwambia nakwenda kununua mboga. Muuza mboga mmoja akanishika mkono, akanikodolea macho. "Wewe si yule dada ya Lavenda aliyekufa?" Nikamwambia tunafanana tu. Akaniongezea sukuma wiki, akasema pole.

Na mama je? Nilimfikiria kila siku! Mama hana runinga. Nilijiambia hatajua, mambo yataisha, siku moja tutacheka naye. Ningeweza kumpigia kwa simu ya Beatrice, lakini ningeanzia wapi? Ati kitinda mimba wako ameniua na mimi nimemkubalia? Nikawa nasema nitampigia kesho. Kesho ikifika nasema kesho...

Siku ya fainali nilivaa tangu mchana. Gauni langu la kitenge, viatu vya kanisani, nikakaa na kusimama, kukaa na kusimama, nikingoja kutumiwa gari. Gari gani! Kipindi kikaanza mimi niko sebuleni kwa Beatrice. Lavenda akashinda. Mdogo wangu alishinda, na nisidanganye, niliruka kwa furaha nikagonga meza! Akainua kombe, akatazama juu, akasema, "Phanice, popote ulipo, huu ushindi ni wako."

Popote nilipo? Niko Njiru!

Nilichukua simu yangu, nikaiwasha. Nilitaka nimpigie yeye, nipigie kituo cha runinga, nipigie dunia nzima. Sikupata nafasi. Ujumbe ulianza kuingia mmoja juu ya mwingine, wote kutoka kwa baba mdogo Joram, ndugu ya baba. Mama alikuwa ameanguka.

Jirani mmoja kule kijijini aliiona ile picha yangu na mshumaa kwenye simu yake, akampelekea mama akidhani anamfariji. Mama akanipigia. Mteja hapatikani. Akampigia Lavenda. Mteja hapatikani. Akapiga na kupiga, mpaka wanawake wakaanza kuingia bomani wakilia, na kwetu kilio kikianza hakiulizi maswali. Walinilia mpaka kukakucha. Asubuhi hiyo kiharusi kikampiga mama, na baba mdogo, aliyekuwa tayari kuja Nairobi kutafuta mwili wangu, akabaki kumwuguza. Mimi wakati huo nilikuwa natembea barabarani Njiru na sukuma wiki mkononi...

Nilifika Vihiga nikikimbia. Langoni baba mdogo akanizuia kwa mikono miwili. Kwa ukoo wetu, mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii bomani hivi hivi. Aliyemzaa lazima afike langoni amwite kwa jina, naye aitike, kisha ashikwe mkono aingizwe. Akiingia bila kuitwa, wanasema aliye ndani ndiye atakayetoka badala yake. Mimi ni mtu wa kanisa! Mchungaji alikuwapo pale, akasema hizo ni imani za kizamani, niingie. Lakini niambie wewe unayesoma: ungeingia, na mama yako amelala mle ndani hajiwezi? Ungejaribu uone? Mimi mguu ulikataa.

Nikampigia Lavenda nikamwambia aje, aje tu amweleze mama. Akalia sana. Kisha akasema amesaini mkataba wa kushona, jina langu limo kwenye lebo za nguo, "Kwa kumbukumbu ya Phanice," akionekana na mimi kila kitu kitavunjika. Badala yake alituma kiti cha magurudumu, mimi nikilala kwa jirani mpaka kilipofika. Asante ya punda, mateke!

Kiti hicho ndicho walichomsukumia mama mpaka langoni. Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelala pajani. Baba mdogo akainama akamwambia, "Mama Phanice, mwanao huyu hapa. Mwite." Mama akanitazama. Midomo ikahangaika, jasho likamtoka, nami nalia nikisema, "Mama ni mimi, mama niite tu." Kisha uso wa mama ukafunguka, akanyoosha ule mkono mzima, akaita kwa furaha kabisa: "Lavenda!"

Baba mdogo akatazama chini. Halafu akaninong'oneza, "Itika, mwanangu. Ameita. Itika uingie."

Ule mkono ulikuwa bado umenyooshwa, unaanza kutetemeka kwa kuchoka. Nikaitika. "Naam, mama." Akanishika, nikaingia.

Siku hizi mama nimemleta Kaloleni awe karibu na hospitali. Anakaa verandani nikishona, na ulimi umeanza kulegea, namshukuru Mungu. Lakini macho ni hafifu na akili inakuja na kwenda. Mteja akipita akaniita, "Niaje Phanice!" mama hushtuka, hunivuta nguo. "Lavenda, waambie wasimwite dada yako. Aliyekufa haitwi." Nimemwambia mimi ndiye Phanice. Nimemwonyesha kitambulisho. Nimempapasisha kovu langu la goti ambalo alilifunga yeye mwenyewe nikiwa mdogo. Hunipangusa machozi na kuniambia, "Najua unamkosa. Hata mimi namkosa." Kisha huanza kunisimulia jinsi Phanice alivyokuwa mtoto mzuri, alivyoniosha, alivyonisuka, alivyokwenda shuleni kwangu kama mzazi... Na mimi nasimama hapo nasikiliza!

Lavenda hajaja. Alipiga simu juzi. Nilidhani ataomba msamaha, kumbe anataka kujua kama kuna mtu ameniuliza kitu. Akasema mkataba unakaribia kwisha. "Nyamaza kidogo tu, sista." Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nguo hiyo niliishona mwenyewe. Safari hii sikutukana wala sikulia. Nilimpa mama simu. Mama akasikiliza, akanirudishia, akasema, "Ni mtu anakutafuta, simjui."

Wasomaji wenzangu, kumpenda ndugu si kosa. Mpe kitanda chako, mpe cherehani yako, mpe chakula cha mdomoni. Lakini akikuomba usiwepo ili yeye aonekane, mkatalie, hata akilia, hata kama machozi yale uliyapangusa wewe tangu utotoni! Atakukasirikia, atanuna, atakuita mbaya. Mwache anune. Mimi nilimwonea huruma mmoja nikamsahau mwingine aliyekuwa akipiga simu kijijini bila kujibiwa.

Na kama sasa hivi kuna mtu amekuomba unyamaze kidogo tu kwa ajili yake, usimjibu bado. Mpigie mama yako kwanza, asikie sauti yako.