Pakiti Isiyo na Onyo

Askari walifungua lango la kijiji saa moja asubuhi. Kufikia saa hiyo Habibo alikuwa amekwisha kamua mbuzi wake wawili, amechemsha chai na kupanga vikombe vya bati juu ya sanduku. Wanaume walikuja mmoja mmoja, wakachuchumaa, wakanywa. Hawakuwa na haraka, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda.

Ulikuwa mwaka wa 1966, wakati wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini-mashariki mwa Kenya. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji katika kijiji kilichozungushiwa waya pale Galbet, kando ya mji wa Garissa. Mifugo haikuruhusiwa kwenda mbali kutafuta malisho. Ngamia wa Gelle, mume wa Habibo, walikufa karibu na waya, mmoja baada ya mwingine. Gelle akabaki kukaa kutwa, akivuta sigara.

Alikuwa ameanza kuvuta zamani, akiwa askari katika vita vya Waingereza na Waitaliano. Jeshi liliwapa sigara pamoja na biskuti na nyama ya kopo.

"Tulipewa bure," alizoea kusema. "Nani angekataa?"

Miaka ishirini na mitano ikapita. Hakuacha. Pale kijijini, kwa kukosa kazi, alimaliza pakiti nzima kwa siku.

Mwezi wa Julai, gari la kampuni moja ya sigara lilikuja na msafara wa malori ya jeshi. Wakala wake alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye viatu vinavyong'aa. Alimpa kila mwanamume pakiti moja bure. Sugow, mdogo wake Gelle, hakuwahi kuvuta maishani mwake. Siku hiyo alivuta, akakohoa, wenzake wakacheka, akavuta tena.

Wakala alimwendea Habibo.

"Mama, chai bila sigara haina utamu," alisema. "Wauzie vyote viwili. Na hapa pana jua kali. Nitakupa turubai."

Turubai lilikuwa jipya. Lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye meno meupe, akipuliza moshi. Habibo alifurahi kupata kivuli. Aliuza sigara moja moja, na mteja wake mkubwa alikuwa mumewe.

Mwezi wa Septemba, Gelle alitema damu.

Habibo alimpeleka zahanati. Dresa pale, yaani mhudumu wa tiba, alikuwa Wario, Mborana wa pande za Wajir, mtu mpole aliyesema polepole ili kila mtu amwelewe. Alipima makohozi ya Gelle mara tatu.

"Sioni kifua kikuu," alisema. "Ningependa kukiona, maana kifua kikuu kina dawa. Lazima aende Nairobi akapigwe picha ya kifua."

Ruhusa ya kusafiri ilichukua wiki tatu. Gelle alikwenda, akarudi amekonda, na barua ndani ya bahasha. Habibo hakujua kusoma. Aliichukua barua akampelekea Wario, naye aliisoma kimya, kisha akaisoma tena.

"Keti, walaal," alimwambia, akimwita dada kwa Kisomali.

Habibo aliketi.

"Ni saratani ya mapafu. Kuna uvimbe ndani, nao umeenea. Wanasema hawawezi kuukata."

"Uvimbe huo umetoka wapi? Ni baridi? Ni vumbi?"

"Mumeo amevuta sigara miaka mingapi?"

"Tangu kabla hajanioa."

"Basi huenda umetoka huko," Wario alisema. "Moshi wa tumbaku una sumu nyingi. Ukiuvuta kila siku, unaumiza mapafu kidogo kidogo. Mtu haoni kitu mwaka wa kwanza, wala wa kumi. Siku anapotema damu, mara nyingi mambo yamekwisha haribika. Si kila mvutaji anapata saratani. Lakini wanaovuta wanaipata mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Tena sigara huharibu moyo na pumzi."

"Mbona hatukuambiwa?"

Wario alifungua sanduku lake, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa.

"Wenzetu wameambiwa. Madaktari wa Uingereza walitoa habari hii miaka minne iliyopita. Miaka miwili baadaye, madaktari wa serikali ya Amerika wakasema vivyo hivyo. Sasa Uingereza imekataza matangazo ya sigara kwenye televisheni. Na Amerika, tangu Januari mwaka huu, kila pakiti lazima iandikwe kwamba kuvuta sigara kunaweza kudhuru afya."

Habibo alikuwa na pakiti ndani ya guntiino, vazi alilojifunga, kwa ajili ya biashara. Aliitoa, akampa.

"Nisomee hii."

Wario aliigeuza pande zote. "Hii ina jina la sigara. Inasema tumbaku yake ni safi na tamu. Basi."

"Hakuna onyo?"

"Hakuna. Sheria ile ni ya kwao. Huku hakuna sheria ya namna hiyo."

"Kwa hiyo kule wanaonywa," Habibo alisema, "na huku tunapewa turubai."

Wario alimrudishia pakiti.

Habibo alirudi nyumbani. Alichukua sigara zote zilizobaki, akazivunjavunja, akazitupa chooni. Kisha alipanda juu ya sanduku, akafungua kamba za turubai. Gelle alikuwa amelala kwenye mkeka, akimtazama.

"Sasa utauza chai juani," alisema.

"Nitauza juani."

"Dresa amesema nini?"

Habibo alimwambia yote.

"Waitaliano hawakuniua," Gelle alisema. "Nilirudi mzima, mkononi nina kopo la sigara. Niliwaletea wazee zawadi." Akakohoa. "Sikujua nilichobeba."

"Na mimi nilikuuzia."

Gelle aligeukia ukutani. Habibo alingoja amwambie kwamba si kosa lake. Hakusema hivyo, siku ile wala baadaye.

Gelle alikufa mwishoni mwa Novemba. Watu walikuja kuomboleza. Wanaume waliketi nje ya nyumba, na Habibo alikuwa ndani pamoja na wanawake. Alimsikia mzee Adow akisema, "Gelle ameuawa na huzuni ya ngamia wake." Wengine wakaitikia. Lilikuwa neno la heshima, na mjane angeweza kuliacha lipite.

"Adeer Adow," Habibo alimwita mzee kwa heshima, kutoka ndani. "Nisamehe. Huzuni ilikuwepo. Lakini barua ya hospitali inasema ni saratani ya mapafu, na dresa amenieleza kwamba sigara huileta. Sigara hizo nilimuuzia mimi. Niliwauzia na nyinyi mlioketi hapo. Sitaki mtu aseme hakuambiwa."

Nje, mtu mmoja alizima sigara yake mchangani. Baadhi ya wazee walikasirika, wakasema mwanamke huyu amemwaibisha marehemu. Habibo alilia, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Baada ya siku chache Sugow alikwenda kwa Wario.

"Nataka kuacha," alisema. "Nimejaribu, nikashindwa siku ya pili. Kichwa kinauma, nagombana na kila mtu."

"Hiyo ni tumbaku inakudai," Wario alisema. "Mwili umeizoea. Siku za kwanza ndizo ngumu, halafu hamu inapungua wiki hadi wiki. Ramadhani inaanza karibuni. Mchana utafunga, hutavuta. Kwa hiyo mwili wako unaweza. Kazi yako ni ukifuturu. Usikae na wanaovuta. Hamu ikija, tafuna mswaki, kunywa maji, tembea kidogo mpaka ipite. Na waambie watu wote kwamba umeacha, ili uone haya kurudi."

Sugow aliwaambia watu wote. Alianguka mara moja, siku ya tisa, akaanza upya. Kufikia Idi alikuwa ameacha, na wenzake wanne pamoja naye. Adow hakuacha. Alisema yeye ni mzee, acha afe na starehe yake.

Habibo alikaa eda yake hadi mwezi wa Aprili, akarudi kwenye chai. Wakati wa kiangazi gari la sigara lilikuja tena. Wakala aliona sanduku halina kivuli.

"Mama, turubai langu liko wapi?"

"Mume wangu alivuta sigara zako mpaka akafa."

Wakala aliinamisha macho. "Pole, mama. Mimi nagawa tu. Ninachopewa ndicho ninachogawa."

"Basi usigawe hapa."

Alisogea hatua ishirini, akagawa. Wengi walipokea. Sugow na wenzake wanne hawakupokea.

Mwishoni mwa mwaka ule vita vilikwisha. Mwaka uliofuata watu walianza kuruhusiwa kutoka na mifugo. Sugow aliajiriwa kuchunga ngamia wa jamaa zake, awapeleke upande wa Liboi. Pumzi yake ilikuwa imemrudia. Asubuhi aliyoondoka, Habibo alisimama langoni, akamsikia akiwaita ngamia kwa sauti ndefu, isiyokatizwa na kikohozi. Alisikiliza mpaka sauti ikapotea. Kisha akarudi juani, akawasha jiko.