Kope za Naila

Kope za Naila zilianza kulegea alasiri. Asubuhi alipalilia mihogo akicheka. Jua likipinda, kope zikashuka, na sauti ikamtokea puani, ya kizee, isiyo yake. Siwema, mama yake, alipomwona akishika kidevu kwa mkono ili aweze kutafuna, akawakumbuka majini kabla ya kumkumbuka Aliyewaumba.

Majirani pale kijijini Masaki wakamwelekeza kwa Hemedi, fundi wa kupunga majini.

"Jini anataka kuchezewa," Hemedi akanong'ona. "Binti asiketi mpaka jini ataje jina."

Ole wao! Kitabu kimekwisha kutuonya juu ya wanadamu waliojikinga kwa majini, wakazidishiwa uovu. Ngoma ikalia, Naila akachezeshwa, na kila alipoegemea ukuta akainuliwa, hata magoti yakalegea, shingo ikashindwa kubeba kichwa, pumzi ikawa nyembamba kama uzi, na chumbani, pasipo moto wala chetezo, ikatanda harufu ya nywele zinazoungua, na Siwema akasikia kicheko ndani ya kifua cha mwanawe, ilhali midomo ya mwanawe haikutikisika.

"Dada, mnamuua!" akafoka Seifu, mdogo wake Siwema. Akambeba mpwawe, akakodi gari mpaka Kibaha.

Hospitalini, dawa zilipomrudishia Naila pumzi, Daktari Lusajo akaeleza: "Mama, kinga ya mwili wake inapigana na misuli yake mwenyewe. Nyuma ya mfupa wa kifua ipo tezi inayochochea vita hiyo. Tutaitoa kwa matundu madogo ubavuni, bila kumpasua kifua."

Siwema akashika kalamu ya kuridhia. Kitu kikampumulia sikioni: "Ukiridhia, utajuta."

"Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa," akajibu, akatia saini.

Upasuaji ukaisha salama. Siku zikapita, na alasiri moja Naila akatafuna mkate, macho wazi. Siwema akasujudu palepale sakafuni.

"Mama Naila," muuguzi Justa akamwita, "yule babu wenu kaenda wapi? Mpole jamani, na kanzu yake haina hata vumbi."

"Babu gani?"

"Si yule aliyekuwa akikaa hapo miguuni kwa mgonjwa? Kaniaga sasa hivi. Kasema hapa hapakaliki tena."

Siwema akapiga simu nyumbani. Ikapokelewa na Kudra, kitinda mimba wake.

"Mama, sema polepole," mtoto akanong'ona. "Babu kafika. Kasema nifumbe macho."