Sayari za Udongo za Edina

Kila jioni, baada ya kufagia darasa, Goodness na rafiki yake Edina walifinyanga udongo nyuma ya shule yao, huko Mlowo. Mwalimu Anyosisye alitaka siku ya wazazi wawaonyeshe wageni jinsi sayari zilivyotokea.

"Jua lilipokuwa changa," aliwafundisha, "lilizungukwa na gesi na vumbi. Chembe za vumbi ziligongana, zikashikana, zikawa mawe. Mawe nayo yakavutana na kukua kwa mamilioni ya miaka, mpaka yakawa sayari. Dunia yetu ilitokea hivyo."

Basi wasichana wale walifinyanga jua katikati ya ubao, wakabandika majivu kulizunguka, kisha changarawe, kisha madonge ya udongo.

Jumatano Edina alianza kutetemeka. Goodness alimgusa paji la uso, akalikuta la moto.

"Twende nikupeleke kwenu."

"Usimwambie mama! Atanizuia kuja shule, na kazi haijaisha. Apa!"

Goodness akaapa. Kesho yake Edina alifinyanga huku meno yakigongana. Walipokuwa wakirudi walimkuta mama yake Edina akitoka kuchuma kahawa.

"Mbona mwenzako amenyong'onyea hivi?" mama aliuliza.

"Amechoka tu, mama," Goodness akajibu.

Alfajiri Edina hakuamka alipoitwa. Ilikuwa malaria, imeshapanda kichwani. Alifariki wakiwa bado wanatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Siku ya wazazi Goodness alisimama peke yake mbele ya ubao. Alieleza vumbi, akaeleza mawe. Alipofika kwenye sayari alizofinyanga Edina, alianza kulia. Mwalimu Anyosisye alimtoa nje, na huko Goodness akamwambia yote.

"Twende kwa mama yake," mwalimu alisema kwa upole. "Nitakuwa nawe."

Goodness alipiga magoti mbele ya Mama Edina. "Mama, nilikudanganya. Nilijua ana homa."

Mama yule alilia sana, akajifuta kwa khanga. Kisha akamvuta karibu.

"Hata mimi nilimwona, mwanangu, nikaridhika kwamba amechoka tu. Hukumuua wewe. Malaria ndiyo iliyoniulia mtoto. Lakini tangu leo, mwenzako akiumwa, sema. Akikuapisha, sema. Akikununia, mwache anune, maana anayenuna yupo hai, na kesho mtapatana."