Sauti ya Mkwe Bafuni

Bi Ruzuna alipokanyaga kizingiti, bafu lilimtambua. Sakafu-hisi ilipima uzito wa kila unyayo na kukausha unyevu mbele yake. Mikono miwili ya mpira laini ikachomoza ukutani, tayari kumdaka kabla hajayumba. Maji yakatoka, vuguvugu. Kisha sauti nzito ya upole ikasema, "Taratibu, Mama. Shika mkono wa kulia."

Kazi yote hiyo ilikuwa ya bintiye, Mhandisi Tunu, aliyekibomoa kichumba chembamba cha kuogea cha nyumba yao ya Tanga na kukijenga upya ili mama azeekee kwake, salama. Sauti aliiazima kwa mumewe, Mbwana, maana hakujua nyingine tulivu kama ile. Wageni walikuja kutazama, wakasifu. Kila siku mtambo ulimwarifu Tunu kazini: mama ameingia, maji yametoka, hajateleza.

Alasiri moja Tunu aliwahi kurudi. Alimkuta mama yake uani, nyuma ya jiko, amechutama juu ya jiwe lenye utelezi, khanga moja imemganda mwilini, anajimwagia maji kwa kata. Begani alikuwa na alama ya kuanguka, imeiva zambarau.

"Mama, bafu lina nini?"

Bi Ruzuna alijisitiri kwanza. "Halina kitu. Lina mkwe wangu tu."

Tunu aliipokea kata, akaiweka kando.

"Naingia na nguo zangu, nasimama pembeni maji yanamwagika, likishaniaga natoka. Sasa nambie, mwanangu, nivue nguo Mbwana ananiambia shika huku, shika kule? Kesho nimmiminie chai kwa uso gani?"

"Si Mbwana, Mama. Ni sauti tu."

"Na haya nazo ni zangu tu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unawaonyesha wageni. Ningekuumbuaje?"

Tunu hakuweza kuinua macho. Alikuwa amepima utelezi wa vigae, joto la maji, hata mwendo wa pumzi za mama. Hakuwahi kumuuliza angekubali kuvua nguo mbele ya nani. Mbwana naye alipoambiwa, chakula cha jioni alikilia barazani.

Sauti ile ikafutwa. Akaitwa Bi Mwanakheri, shoga wa mama tangu walipochezwa unyago pamoja, aingize sauti yake. Maneno aliyoandikiwa aliyakataa, akasema ya kwake.

Siku ya kwanza Tunu alisimama nje ya mlango na taulo.

"Haya, bibi harusi, shika ukuta," mtambo ulisema mle ndani. "Ukianguka leo sikuzoi."

"Nyamaza, nawe na magoti yako ya kuazima," Bi Ruzuna akajibu, akicheka peke yake.

Khanga ikaangukia kapuni. Tunu aliisikia. Akarudi nyuma hatua moja, uso ungali unamwaka, akasubiri mpaka aitwe.